Rangi za Ndege za Mafunzo: Sayansi ya Kuonekana Angani

Mtu anayezitazama ndege za jeshi la anga zikiwa zimepangwa uwanjani huweza kushangazwa na jambo moja. Ndege za vita aghalabu zimepakwa rangi zilizofifia: kijivu cha mawingu, kijani cha msitu, au hudhurungi ya jangwa. Kando yake huenda zikasimama jeti nyingine, ndogo kidogo, zenye viti viwili, nazo zimepakwa nyekundu na nyeupe, au njano, au rangi ya chungwa. Na katika nchi nyingine zimepakwa nyeusi tititi kutoka puani hadi mkiani. Hizo ndizo ndege za mafunzo. Wako wanaodhani kwamba rangi hizo ni mapambo tu, au kwamba kila jeshi hujichagulia kwa kadiri ya kupenda kwake. Ukweli ni kwamba nyuma ya rangi hizo yako maswali mazito ya fizikia na ya maumbile ya jicho, na jibu lisilo sahihi huweza kugharimu maisha ya watu. Katika makala hii tutajaribu kueleza maswali hayo na majibu yaliyopatikana mpaka sasa.

Kujificha na kujionyesha

Mvuvi yeyote wa pwani anamjua jodari. Mgongo wake ni wa buluu iliyoiva, karibu na weusi, na tumbo lake lina rangi ya fedha. Adui anayemtazama kutoka juu humwona amechanganyika na kiza cha kilindi. Anayemtazama kutoka chini humwona amechanganyika na mwanga unaoshuka kutoka juu. Wanaopaka ndege za vita wamefuata njia hiyo hiyo: juu rangi ya ardhi, chini rangi ya mbingu.

Ndege ya mafunzo haja yake ni kinyume cha hiyo. Anayeiongoza ni mwanafunzi ambaye macho yake yamenaswa na saa na vipimo vilivyomo ndani ya chumba cha rubani. Aidha, hewa iliyo karibu na chuo cha urubani huwa imejaa ndege nyingine za aina hiyo hiyo, zikipaa, zikizunguka na kutua mchana kutwa. Ni kweli kwamba wako waongozaji walio chini wenye redio na rada. Hata hivyo, katika hali ya hewa iliyo safi, sheria kuu ya mwisho ni kwamba kila rubani atazame nje, amwone mwenzake, na kumwepa. Sheria hii haina faida yoyote ikiwa mwenzake haonekani.

Sekunde kumi na mbili na nusu

Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani imekadiria muda anaouhitaji rubani ili kuepa mgongano. Kukiona kitu humchukua sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kutambua kwamba kitu hicho ni ndege, sekunde 1. Kutambua kwamba ndege hiyo itagongana na yake, sekunde 5. Kuamua upande wa kugeukia, sekunde 4. Mikono na miguu kutii, sekunde 0.4, na ndege yenyewe kuitikia, sekunde 2. Jumla yake ni sekunde 12.5.

Sasa tuchukue jeti mbili za mafunzo zinazokuja uso kwa uso, kila moja ikienda mwendo wa noti 420, yaani kilometa 778 kwa saa. Mwendo wao wa kukaribiana ni kilometa 1,556 kwa saa, au meta 432 kwa kila sekunde. Katika sekunde 12.5 zitakuwa zimekula kilometa 5.4. Basi rubani asiyemwona mwenzake kabla ya umbali huo hana tena muda wa kutosha.

Je, katika umbali wa kilometa 5.4 huonekana nini? Tuchukue mfano wa ndege aina ya Hawk ya Uingereza, ambayo mabawa yake yana upana wa meta 9.39 kutoka ncha hadi ncha. Upana huo, kwa umbali huo, ni sawa na sehemu ya tano tu ya upana wa mwezi mpevu. Tena mabawa yakitazamwa kwa mbele ni membamba kama ukingo wa sahani. Kitu chenye upana wa meta moja na nusu hivi, kwa umbali huo, huwa na ukubwa wa sehemu moja ya sitini ya nyuzi moja, ambao ndio mpaka wa uwezo wa jicho zima la mwanadamu. Kwa hiyo rubani haoni ndege, anaona nukta.

Jambo la kutisha zaidi ni jinsi nukta hiyo inavyokua. Umbali ukipungua nusu, ukubwa unaoonekana huzidi mara mbili. Zikisalia sekunde sita, mabawa ya Hawk yatakuwa chini kidogo ya nusu ya upana wa mwezi. Zikisalia sekunde tatu, bado hayajaufikia upana wa mwezi mzima. Kisha, ghafla, ndege hujaza kioo chote. Aidha, nahodha wa jahazi hufundishwa kwamba chombo kinachozidi kukaribia bila ya kubadili upande wake machoni pake ndicho kitakachogongana na chake. Angani ni vivyo hivyo. Ndege ya hatari husimama mahali pamoja kiooni, ilhali jicho la mwanadamu limeumbwa kuvutwa na vitu vinavyotikisika.

Kutoka njano hadi nyekundu

Wakuu wa vyuo vya urubani walianza kulitafutia tatizo hili dawa zamani. Katika miaka ya 1930 na 1940, ndege za mafunzo za Uingereza na za washirika wake zilipakwa njano, ama mwili mzima, ama upande wa chini tu wakati wa vita. Mpango mkuu wa mafunzo ya anga wa nchi za Jumuiya ya Madola, uliotiwa saini Desemba 1939, ulitoa nchini Canada pekee wanaanga zaidi ya 131,000, na ndege ya njano ikawa ndiyo alama ya mwanafunzi. Njano ilifaa: ndege hizo zilikuwa na mwendo wa polepole, zikiruka chini juu ya mashamba, na rangi hiyo hujitokeza vyema juu ya kijani. Hata ndege iliyoangukia msituni ilikuwa rahisi kutafutwa.

Baada ya vita zikaja jeti, na mwendo ukaongezeka maradufu. Jeshi la Anga la Uingereza lilianza kutumia jeti aina ya Jet Provost kwa wanafunzi wapya mwaka 1955. Kwanza zilikuwa na rangi ya fedha. Baadaye zikabandikwa viraka vya rangi ya floresenti, na mwishowe zikapakwa nyekundu, nyeupe na kijivu. Rangi ya floresenti ina siri yake. Hupokea miale ya urujuanimno, ambayo jicho haliioni, na kuirudisha ikiwa mwanga wa rangi ya chungwa unaoonekana. Kwa sababu hiyo hung'aa kuliko rangi ya kawaida. Lakini jua lile lile linaloiwasha ndilo linaloichakaza, na rangi za kwanza za aina hiyo zilipauka upesi.

Mataifa mengine nayo yalifuata njia zao. Marekani iliipaka nyeupe jeti yake ya T-38, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1959. Ndege za mafunzo za jeshi lake la majini, kama T-45 inayotua juu ya manowari, zilipata nyeupe na chungwa.

Ndege moja, nguo nyingi

Ushahidi ulio wazi kuliko wote kwamba rangi hufuata kazi ni pale ndege ile ile inapobadilishiwa kazi. Jet Provost iliyotiwa silaha na injini yenye nguvu zaidi iliitwa Strikemaster. Umbo lilikuwa lile lile, na mkufunzi na mwanafunzi wangeweza bado kukaa bega kwa bega. Lakini nchini Oman ilivishwa mabaka ya kujificha, na katika vita vya Dhofar ikapigana kweli kweli, hasa katika mapambano ya Mirbat ya tarehe 19 Julai 1972. Kenya nayo ilinunua Strikemaster sita mwanzoni mwa miaka ya 1970, kisha Hawk 12 zilizofika mwanzoni mwa miaka ya 1980, ndege zilizoweza kufundisha na kushambulia pia. Nchi isiyo na fedha za kununua ndege za namna mbili hukabiliwa na swali gumu: ndege hii moja ipakwe ionekane, au ipakwe isionekane?

Huko Uingereza kwenyewe, Hawk iliyoruka mara ya kwanza Agosti 1974 ilikuwa na nguo mbili kwa wakati mmoja. Zile zilizokuwa Valley, katika kisiwa cha Anglesey, zilifundisha urubani nazo zikavaa nyekundu, nyeupe na kijivu. Zile za Brawdy na Chivenor zilifundisha matumizi ya silaha, nazo zikavaa mabaka ya kijani na kijivu. Marekani ilikwenda mbali zaidi: tangu mwaka 1972 baadhi ya T-38 zilipakwa mabaka ya kigeni ili ziigize ndege za adui aina ya MiG-21 katika mazoezi ya kupigana. Hapo hata kudanganya jicho kulikuwa ni somo.

Lipo pia kundi la tatu, nalo ni ndege za maonyesho. Mwaka 1964 kikundi kimoja cha Uingereza kiliruka kwa jeti za mafunzo aina ya Gnat zilizopakwa njano. Mwaka uliofuata kikaundwa kikundi cha Red Arrows kwa Gnat nyekundu, na tangu msimu wa 1980 kikatumia Hawk nyekundu. Hapa mtazamaji anayekusudiwa ni umati ulioko chini, ambao uko karibu na unajua pa kutazama. Rangi inayompendeza mtu huyo si lazima imsaidie rubani aliye mbali asiyetazamia chochote.

Jicho, hewa na rangi

Sasa tuingie katika kiini cha jambo. Kwa nini nyekundu, iliyo kali namna ile uwanjani, isitoshe angani? Sababu ni mbili.

Ya kwanza imo ndani ya jicho. Rangi tunaziona kwa seli za retina ziitwazo koni, ambazo ni za namna tatu. Ili ubongo upambanue rangi, sharti taswira ya kitu ienee juu ya koni za kutosha za kila namna. Taswira ya nukta huangukia koni chache mno. Tena katikati kabisa ya retina, tunapotumia kutazama vitu vidogo, hakuna koni za kupokea buluu. Kwa hiyo kitu kikiwa kidogo sana rangi yake hupotea kabla ya umbo lake. Kinachobaki ni weusi au weupe wake ukilinganishwa na kilicho nyuma yake.

Ya pili imo katika hewa. Vumbi, moshi na mvuke husambaza mwanga wa jua baina ya mtazamaji na kitu, mithili ya pazia jembamba jeupe. Mwanafizikia Mjerumani Harald Koschmieder alionyesha mwaka 1924 kwamba tofauti ya mwangaza baina ya kitu na mbingu hupungua kwa uwiano ule ule katika kila kilometa. Kwa kawaida huhesabiwa kwamba jicho hushindwa tofauti hiyo ikifika sehemu 2 tu kwa 100.

Tuchukue siku ambayo mwisho wa kuona ni kilometa 10. Kwa kanuni ya Koschmieder, katika kilometa 5.4 tofauti inayobaki ni sehemu 12 tu katika kila 100 za mwanzo. Ndege nyeusi, ambayo kwa karibu inatofautiana na mbingu kwa sehemu 95, itamfikia rubani ikiwa na tofauti ya sehemu 11. Ndege ya kijivu chepesi inayotofautiana kwa sehemu 20 itafika na sehemu mbili na kidogo, yaani ukingoni mwa kutoonekana. Ndege zote mbili ziko pale pale, zina ukubwa ule ule. Moja inaonekana na nyingine haionekani.

Kwa nini nyeusi?

Tumtazame ndege mwenye uhai. Mwewe manyoya yake ni ya hudhurungi, lakini akielea juu yetu tunamwona mweusi, kwa kuwa mbingu iliyo nyuma yake ina mwanga mwingi kuliko upande wake wa chini ulio kivulini. Yangeyange mweupe akipita mbele ya wingu jeupe hupotea kabisa, ilhali kunguru hapotei. Ni kweli kwamba yangeyange humeremeta mbele ya buluu iliyokolea, jua likiwa mgongoni mwetu. Lakini akigeuka kidogo, au wingu likipita nyuma yake, humkosa tena. Weupe huweza kuizidi mbingu, kuifanana nayo, au kupungua chini yake, na katika kubadilika huko hupitia mahali pa kutoonekana. Weusi daima uko chini ya mbingu.

Jambo hili lilithibitishwa kwa njia ya ajabu wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1943 Wamarekani walitaka kuficha ndege zilizowinda nyambizi. Badala ya kubadili rangi, walifunga taa katika ukingo wa mbele wa mabawa ya ndege aina ya Avenger na kuzirekebisha zilingane na mwanga wa mbingu. Ndege iliyokuwa ikionekana kilometa 19 hivi ikawa haionekani mpaka ifike kama kilometa tatu. Maana yake ni kwamba kilichokuwa kikiifichua ni weusi wake mbele ya mbingu.

Wataalamu wa Uingereza walipochunguza suala la kuonekana kwa ndege za mafunzo walifikia uamuzi uliowashangaza wengi. Katikati ya miaka ya 1990 nyekundu na nyeupe ziliondolewa, na Hawk za mafunzo zikapakwa nyeusi inayong'aa. Rangi ambayo watu wengi huihusisha na usiku na kujificha ikawa ndiyo rangi ya kuonekana mchana.

Mipaka ya weusi

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba nyeusi ni dawa ya kila mahali. Rubani aliye juu anayetazama chini ana msitu au bahari nyuma ya ndege anayoitafuta, na hapo nyeusi humezwa. Kwa sababu hii, na kwa ajili ya saa za giza, taa kali zinazoizidi mbingu kwa mbali hubaki kuwa na umuhimu.

Kizuizi kingine ni joto. Nyeusi hunywa sehemu kubwa ya nguvu za jua. Ndege ya aluminiamu huvumilia, ingawa chumba cha rubani hugeuka tanuri. Lakini ndege nyingi ndogo za siku hizi zimeundwa kwa nyuzi za kaboni au za kioo zilizogandishwa kwa gundi maalumu, na gundi hiyo hulegea ikipata joto la kupita kiasi. Ndiyo maana ndege zisizo na injini, zinazoelea kwa nguvu za hewa, karibu zote ni nyeupe. Katika jeshi lile lile lililopaka Hawk nyeusi, ndege ndogo ya mafunzo ya kwanza, Grob Tutor, iliyoundwa kwa nyuzi za kaboni, ilikuwa nyeupe.

Tarehe 11 Februari 2009 Tutor mbili ziligongana karibu na Porthcawl, kusini mwa Wales, wakafa watu wanne, wawili kati yao wakiwa wasichana wa kadeti. Juni mwaka huo huo Tutor nyingine iligongana na ndege isiyo na injini, nayo nyeupe, katika eneo la Oxfordshire. Waliokuwa katika Tutor, rubani na kadeti, walikufa. Si haki kudai kwamba rangi peke yake ilisababisha misiba hiyo, maana ajali ya ndege huwa na mizizi mingi. Lakini matukio hayo yanatukumbusha kwamba baina ya mahitaji ya jicho na mahitaji ya mata lipo shindano ambalo halijamalizika.

Mbingu zetu

Suala hili si la Ulaya peke yake. Tarehe 5 Machi 2024, juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, ndege ndogo ya mafunzo aina ya Cessna 172 iligongana na ndege ya abiria aina ya Dash 8. Ndege ya abiria ilirudi na kutua salama. Watu wawili waliokuwa katika ndege ya mafunzo walifariki. Hapa pia hatusemi kwamba rangi ndiyo iliyokuwa sababu. Tunasema tu kwamba popote wanafunzi wanaporuka katika hewa yenye ndege nyingi, swali la nani anamwona nani, na kutoka umbali gani, ni swali la uhai.

Tena mbingu zetu haziko sawa na za Wales. Jua letu huwa karibu na utosi, vumbi la kiangazi huleta pazia zito, mawingu ya masika hujenga minara myeupe, na ardhi hubadilika kutoka wekundu wa udongo hadi kijani cha mahindi katika muda wa wiki chache. Rangi iliyoshinda kwingine sharti ipimwe hapa kabla ya kuigwa.

Upimaji wenyewe waweza kuanzia shuleni. Kata maduara ya kadibodi yenye upana wa sentimita 10, upake moja nyeusi, jingine nyeupe, jingine nyekundu, jingine chungwa. Duara la namna hiyo likiwa umbali wa meta 344 huonekana na ukubwa ule ule wa kitu cha meta 1.57 kilicho umbali wa kilometa 5.4. Mwanafunzi mmoja aliinue juu ya ufito mrefu, kwanza mbele ya mbingu, kisha mbele ya miti. Wenzake, wasiojua ni rangi gani imeinuliwa, wamsogelee kutoka mbali na kuandika umbali walioliona duara, na umbali walioitambua rangi yake. Jaribio lirudiwe asubuhi, adhuhuri na jioni. Watakaofanya hivyo kwa uangalifu watagundua kwamba kuliona duara na kuitambua rangi yake ni mambo mawili yaliyotengana kwa hatua nyingi. Na rubani, katika sekunde zake kumi na mbili na nusu, huanza na lile la kwanza.